Aliyekuja Kuomba Moto

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa saba, enzi za ujana wangu, sakitu imelala juu ya majani mpaka uwanja wote umekuwa mweupe, na bibi kizee mmoja amekaa kwenye kizingiti cha nyumba yangu akikataa kuondoka. Mimi nilikuwa ndani, kitandani, nimejifunika blanketi hadi kichwani, nikiomba moyoni achoke aende zake. Alikuwa amekuja kuomba moto. Moto sikuwa nao, na kusema kweli sikuwa na nia ya kuwa nao siku ile wala kesho yake.

Mwanangu, nakusimulia haya kwa sababu nawaona wengi wenu siku hizi. Mtu anarudi nyumbani kutoka Makambako au Dar, jambo lililomrudisha halisemi, anaingia chumba cha uani, anavuta pazia na kulala na simu yake. Chakula kinapelekwa mlangoni na kinarudi kilivyo. Ukimuuliza anasema yuko sawa. Kama ni wewe, mimi sitakuuliza kitu. Lala hivyohivyo unisikilize. Nimezeeka, nazunguka sana njiani kabla ya kufika ninakokwenda, lakini nafika.

Kwetu ni Wanging'ombe, kule chini ambako jua linapasha moto kidogo. Niliolewa huku juu, upande wa Njombe, na mwaka wa kwanza nilikuwa nalia kwa baridi kama mtoto mchanga. Mume wangu Erasto alikuwa ananicheka, halafu ananivulia sweta lake. Alikuwa mpasua mbao, mtu wa maneno machache, mikono yake ikinuka utomvu wa miti hata Jumapili kanisani. Wazazi wake walikuwa wamekwisha kufariki na mtoto tulikuwa hatujajaliwa. Nyumba nzima ilikuwa ni mimi na yeye, nasi tuliona inatosha.

Kazi ya mbao ilipolegea, Erasto akasikia kwamba kule Kilombero kwenye mashamba ya miwa wanatafuta watu. Akapanda lori la mizigo hadi Makambako, na kutoka pale akapanda treni. Aliniambia atakuwa amerudi kabla sijachimba viazi. Mwanzoni salamu zilikuwa zinakuja, watu wakirudi likizo wananipitia na kuniambia mumeo mzima, anakusalimu. Kisha salamu zikakoma. Viazi nikavichimba peke yangu, nikapanda vingine, navyo nikavichimba.

Kuna jambo moja ambalo mtu hawezi kulijua mpaka limkute. Mume akifa, watu wanakuja. Wanalala kwako, wanapika, mchungaji anakuja, mnaimba, mnalia, na siku ya kumaliza msiba inafika na kila mtu anajua kwamba wewe ni mjane. Mume akipotea, hakuna anayejua akujie na sura gani. Je, akupe pole? Pole ya nini, na mtu huenda akatokea kesho na mzigo begani? Majirani zangu walikuwa wema, nisiwasingizie. Waliniletea mahindi, maharage, kikapu cha mbogamboga. Walikiweka mlangoni, wakanisalimu kwa sauti ya chini, wakaondoka haraka. Nami nilishukuru, nikabaki na kikapu.

Nilikuwa nakwenda Makambako siku za mnada, najifanya nauza viazi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakaa stesheni. Upepo wa Makambako unaujua, hauna adabu, unakuvua kilemba mbele za watu. Nilikaa pale nimekishika kilemba kwa mikono miwili, nikitazama watu wanaoshuka kwenye treni mmoja mmoja. Kila mwanamume mwenye mabega mapana nilimtazama mpaka anipite. Wa mwisho akishashuka nilikuwa bado nakaa, kwa sababu nilidhani labda amelala ndani, labda anatafuta mzigo wake. Nilipanda lori kurudi nyumbani, na viazi vyangu vingine nikarudi navyo.

Kaka yangu alikuja kunichukua. Alisema, dada, rudi nyumbani, hapa unakaa na nani. Nilimkatalia. Nilimwambia Erasto akirudi akakuta mlango umefungwa atafikiri nini. Kaka alikula ugali niliompikia, akaondoka bila kunilaumu. Baada ya kaka kuondoka ndipo nilipoanza kuporomoka. Nadhani mpaka siku ile nilikuwa namngoja mtu wa kumbishia. Sasa hata huyo hakuwepo.

Nianze na moto basi, maana ndio uliotangulia kufa.

Miaka ile bidhaa zilikuwa adimu sana, kiberiti mtu alikipata kwa kujuana. Kwa hiyo jioni, ukimaliza kupika, ulichukua kigogo kimoja kilichoshika moto vizuri, ukakifukia kwenye majivu katikati ya mafiga. Asubuhi ulifukua, unapuliza, moto unaamka. Ukikuta umekufa, unatazama moshi unatoka jiko la nani, unachukua kigae cha chungu unakwenda kuomba kaa. Hakuna aliyemnyima mwenzake moto. Lakini mimi nilikuwa sifukii tena. Nilikuwa nakula viazi vilivyopoa vya juzi, au sili. Siku nyingine nilikuwa naamka jua likiwa limeshaondoa sakitu yote, siku nyingine siamki kabisa. Sikuwa nimepanga kufa, mwanangu. Nilikuwa tu nimeacha kufanya yale ambayo mtu mzima anayafanya ili aendelee kuwapo, na sikuona tofauti.

Ndipo akaja Bibi Anyesi. Huyu alikuwa anakaa ng'ambo ya kijito, nyuma ya shamba la miti ya miwati, peke yake. Alikuwa mwembamba, mnusa ugoro, mwenye ulimi ambao hata mzee wa kanisa aliuogopa. Kwangu hakuwa na mazoea, na wakati wenzake wanaleta vikapu yeye hakuleta hata jani la mboga. Akagonga mlango asubuhi ile niliyokuambia, akanisalimu kwa lugha ya huku.

"Kamwene, mkamwana. Nimefuata moto."

Nilimwambia kwa ndani kwamba moto umezimika. Akasema basi niuwashe, atasubiri. Nikamwambia aende kwa Mama Zakaria, jirani wa juu, jiko lake linatoa moshi hata mtu asiyeona vizuri anauona. Akanijibu kwamba mtu akishagonga nyumba moja kuomba moto haruhusiwi kugonga ya pili kabla ya kupewa, ni mwiko, ataleta balaa kijijini. Mwanangu, nimeishi huku tangu niolewe na mwiko huo sijausikia kwa mtu mwingine hata mmoja. Lakini siku ile niliuamini. Nikamsikia anaketi kwenye kizingiti, anakohoa, anapiga chafya ya ugoro, anakohoa tena. Nje kulikuwa na baridi ya kupasua midomo. Nilihesabu kwamba atachoka. Hakuchoka. Mwishowe nikaogopa kwamba atanifia mlangoni na mimi ndiye nitakayeulizwa.

Nikaamka. Kiberiti nilikuwa nacho, nilikuwa nimekificha juu kwenye dari, na ndani yake zilibaki njiti chache alizoniachia Erasto. Nilikuwa nimeziweka kwa ajili ya siku atakayorudi, ili nisihangaike kuomba moto mume wangu yuko kwenye baridi. Sikumwambia Bibi Anyesi hayo. Nilichukua njiti moja, nikawasha, na nilipoona moto umeshika nikalia pale jikoni kwa sababu nilikuwa nimewasha moto wa Erasto kwa ajili ya mtu mwingine.

Bibi aliingia, akaota moto kidogo, akajichagulia kaa, akalitia kwenye kigae chake, akalifunika kwa majivu. Sikupata asante. Alisema kuni zangu ni za mkaratusi, makaa yake mepesi, yatazimika kabla hajavuka kijito, na kwamba kesho niwe na kuni za mwati. Kisha akaondoka, mgongo umepinda, anazungumza peke yake.

Kesho akaja. Na kesho kutwa. Mwanzoni nilimchukia, naomba unielewe, nilimchukia kweli. Usiku nikilala nilikuwa naanza kufikiria kwamba kabla sakitu haijayeyuka yule mwanamke atakuwa mlangoni na njiti zangu zinakwisha. Kwa hiyo jioni ikabidi nifukie moto. Ili nifukie moto ikabidi nipike, maana huwezi kuwasha jiko zima kwa ajili ya kufukia tu. Ili nipate kuni za mwati ikabidi niende msituni na wanawake wengine, kina Mama Zakaria, nao wakiwa njiani wanaongea, na mtu hawezi kwenda na kurudi msituni bila kujibu hata neno. Siku moja nikajikuta nacheka. Nilishtuka, nikatazama pembeni kama kuna aliyeona, kwa sababu nilijihisi nimemsaliti Erasto.

Bibi Anyesi hakuwahi kuniuliza habari za mume wangu. Hakuwahi kuniambia jipe moyo. Alikuja, akasema makaa ya leo afadhali, au makaa ya leo hovyo, akaondoka. Yalipokuwa hovyo nilikuwa naumia kuliko inavyostahili.

Baridi ikaisha, mvua zikaja, watu wakapanda. Asubuhi moja nikafukua moto wangu, mzuri, mwekundu, nikaketi kumsubiri. Hakuja. Nikakasirika kwanza, nikasema huyu mama ananiamsha bure. Jua likapanda. Hasira ikageuka hofu. Nikachukua kigae, nikaweka makaa yaliyo bora kuliko yote, nikavuka kijito kumpelekea, nikiwa nawaza kwamba yumo ndani anatetemeka, nyumba haina moto.

Nilipotokeza nyuma ya miwati nikaona moshi. Moshi mwingi, wa nyumba iliyoamka mapema. Nikadhani amepata moto kwa mtu mwingine na nikaona wivu, hebu fikiria. Karibu na mlango wa jiko lake, pembeni ambako maji ya paa yanadondokea, nikaona rundo jeusi. Yalikuwa makaa yaliyokufa, mengi, ya juu yakiwa bado na umbo lake, ya chini yamesagika na mvua mpaka yamekuwa tope. Nilisimama nayatazama. Ya chini kabisa yalikuwa meupemeupe, mepesi, ya mkaratusi. Nikaelewa kwamba ni yangu. Kila kaa alilolichukua kwangu alikuwa analimwaga pale kabla ya kuingia ndani.

Ndani moto ulikuwa unawaka kwa kigogo cha mwati kinene ambacho bila shaka hakikuzimika tangu sijui lini. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka, mguu umevimba, ndiyo sababu hakuja. Aliona kigae mkononi mwangu, akaona na uso wangu. Nikamuuliza moto anao, kwa nini ananisumbua kila siku ya Mungu. Hakuona haya hata kidogo. Alinusa ugoro wake kwanza, akafuta pua, akasema:

"Watoto wangu walikufa mwaka wa surua, wote. Watu wa huku ni wema, walileta. Ugali wanaleta, maziwa wanaleta, kuni wanaleta. Mimi nimekaa napokea tu. Nikawa kama kaburi, la kuwekewa vitu. Hakuna aliyekuja kuniomba hata chumvi. Walidhani ndiyo huruma."

Nikamuuliza ni nani basi aliyekuja kumwomba, mwishoni. Nilitaka kusikia kwamba naye alikuwa na Bibi Anyesi wake.

"Hakuja mtu, mkamwana. Niliamka mwenyewe, na nilichelewa sana. Nilipoona jiko lako halitoi moshi, nikasema huyu asichelewe kama mimi."

Nililia, mwanangu. Nililia vile ambavyo sikuwa nimelia tangu treni ile iondoke, kwa sauti, nimekaa chini kwenye vumbi la jiko la watu. Nilimlilia Erasto, na nikawalilia watoto wa yule bibi ambao hata majina yao sikuyajua, na nikamlilia yeye aliyekaa miaka bila kugongewa. Hakunishika bega. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza, kisha akaniambia makaa yangu niyaweke kwenye mafiga yasizimike bure, halafu nikamchotee maji kwa sababu mguu unamuuma.

Mguu ulipopona akarudi kuja kuomba moto. Mimi najua anao, yeye anajua kwamba najua, na asubuhi inayofuata amekaa kwenye kizingiti anasema makaa yangu hovyo. Tulikwenda hivyo mpaka Mungu alipomchukua. Siku ya kumzika niliamka mapema kuliko watu wote, nikafukua moto, na ulikuwa mzuri sana, na hakuna aliyeukosoa.

Sasa usije ukadhani nakuambia kwamba upweke uliondoka. Haukuondoka. Erasto sikumwona tena. Mmoja alisema amemwona Mlimba, ana mke na watoto. Mwingine aliapa kwamba alizikwa Ifakara, homa ilimchukua. Sijui mpaka leo ninapozungumza nawe, na kuna siku za baridi ambapo bado nauliza kwa sauti, nikiwa peke yangu, ulikwenda wapi. Lakini nilikuwa najua kuamka. Kaka yangu yule na mkewe walipofariki, wakifuatana, katika miaka ile ya ugonjwa ambayo nyumba nyingi za huku zilifungwa, ukoo ulikaa na wakauliza nani atachukua watoto. Nikaona macho yananigeukia. Zamani ningeinamisha kichwa. Siku ile nilisema waleteni. Niliwalea wote wawili kwa viazi na kwa fimbo kidogo. Mmoja yuko Mbeya, mwingine Dar, na wananiita mama.

Ni wazuri watoto wale. Wamenijengea nyumba ya bati, wameniletea jiko la gesi, kila mwezi wananitumia kitu kwenye simu. Wanapiga wananiuliza, mama unahitaji nini. Nasema sihitaji kitu, na ni kweli. Lakini gesi haina moshi, na siku hizi kila nyumba ina kiberiti. Naweza kukaa kuanzia Jumatatu mpaka Jumapili pasipo mtu wa kunigongea, nasikia tu bati linalia kwa baridi na malori ya mbao yanapita barabarani kuelekea Makambako. Kwa hiyo usidhani nakuhubiria nikiwa nimezungukwa na watu. Tuko wawili kwenye baridi hii, wewe chumbani kwako na mimi kwangu.

Ndiyo maana nakuambia ninachokijua. Maumivu uliyonayo sitakuambia yana faida gani, kwa sababu yangu mpaka leo sijajua yalikuja kufanya nini. Wapo watakaokuambia kila jambo lina sababu yake, wasikilize kwa heshima, ila usijilazimishe kuitafuta sababu ukiwa kitandani. Nguvu niliyonayo sikuipata kwa kufikiri. Niliipata kwa sababu kulikuwa na mtu mlangoni anayetaka kitu kwangu, kitu kidogo, na mimi ndiye niliyetakiwa kumpa. Maana ya maisha yangu ilinijia hivyo, kwa mlango wa jikoni, nikiwa nimekasirika.

Kwa hiyo ukilemewa, usikatae kuombwa. Ukisikia jina lako linaitwa uani, hata kama ni kwa jambo la kipuuzi, hata kama wakati si mzuri, inuka. Nenda ukiwa umenuna, hakuna tatizo, nenda hivyohivyo. Na siku utakapokuwa umesimama wewe, ukamwona mwenzako amelala, mpelekee chakula, ni vizuri. Lakini usiishie hapo ukaondoka haraka. Mwombe kitu. Mwambie akushikie mtoto, akusomee dawa imeandikwa nini, akuazime sufuria yake ambayo huihitaji. Mwache aone kwamba bado anacho cha kutoa.

Na akija kwako mzee mmoja wa huku, na uzi mkononi, akakuomba umtungie kwenye sindano kwa sababu macho hayaoni, mtungie tu wala usimwambie aje kesho. Huenda macho yake ni mazima kabisa.

Mungu wa baba zetu akuinue, mwanangu, asubuhi hii na nyingine zote zitakazokuwa nzito. Asikunyime mtu wa kukugongea, na akigonga, akupe miguu ya kufika mlangoni. Amina.